Likizo ya shamba, na godoro la marehemu babu

Jamani mie nilikuwa nakaa zangu kwa raha Michenzani, mjini Unguja, fleti ina umeme, bomba likiamua linatoa maji, feni inazunguka hata kama inalia kama mashine ya kukoboa. Mke wangu akaona hiyo si raha. Ati likizo hii twende Pemba, kwao huko upande wa Konde, tukakae nyumba ya marehemu babu yake, hewa safi, vilima vya kijani, kimya. Kimya! Subirini niwaambie habari ya hicho kimya.

Meli siielezei, mkondo wa Nungwi anaeujua anaujua. Gari ikatushusha barabarani, namuuliza mjomba nyumba iko wapi, akanionesha kwa kidevu, kule juu. Najua Pemba hakuna milima kama ya bara, ni vilima, lakini ukishamaliza kimoja unateremka bonde halafu unaanza chengine, na mie nimebeba mabegi mawili, mwenzangu kabeba pochi.

Kufika, nyumba ya udongo, bati limeshika kutu, chemli ukutani. Nikauliza swichi iko wapi, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Hebu nielewesheni, umeme umetoka Tanga ukapita chini ya bahari mpaka Pemba, tangu 2010 huo, bahari yote ile, halafu unakuja kushindwa na kilima kimoja? Choo kiko nje nyuma ya migomba. Kisima kiko bondeni, ukishaoga ukapanda kurudi nyumbani ushatota jasho, basi ugeuze tena.

Kitanda samadari, kizuri kweli kwa kupiga picha. Lakini godoro la sufi limeshaganda mabonge, na katikati pana shimo alilolichimba babu kwa ubavu wake miaka yote ile, Mungu amrehemu, na alikuwa mtu mwembamba.

Usiku sasa. Komba yuko juu ya bati analia kama mtoto mchanga kaachwa na mamaake, na popo wako mwembeni wanagombana. Wale popo wa Pemba hawapatikani pengine popote duniani, wazungu wanapanda ndege kuja kuwatazama, mbawa akizitandaza zinakaribia urefu wangu mie. Sawa, ni fahari yetu, lakini ndo kikao wakifanye kichwani kwangu saa nane za usiku, na kila wakigombana embe inadondoka kwenye bati, puu! Nilisoma dua zote nnazozijua.

Tena hayo bado. Hakuna alieniambia kama ni msimu wa karafuu. Mke wangu alikuwa anajua, kanyamaza kimya. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, mie siku ile ile, baada ya isha, karafuu zikamwagwa ukumbini, "mkwe, sogea hapa," nikakaa kuchambua, makonyo, vile vijiti vyake, huku, karafuu huku, mpaka vidole vikafa ganzi. Mjomba ananihadithia ile dhoruba ya 1872 ilivyoing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, ndo maana nyie wa mjini, anasema, hata kuchambua hamjui. Kama vile dhoruba niliileta mie!

Siku ya nne nimepata usingizi mchana, mara nasikia "mvua jamani, karafuu!" Nikatoka mbio, mkono mmoja jamvi mkono mmoja nashikilia msuli niliojifunga kiunoni, kwenye mteremko ikabidi nichague kimoja. Nilichagua jamvi. Mama mkwe mpaka leo hanitazami usoni.

Nimerudi kazini Jumatatu, mgongo umepinda, nimefua nguo mara tatu lakini nanukia karafuu mpaka kwenye nyusi. Mwenzangu mmoja akafunga mlango wa ofisi taratibu, akanisogelea sikioni:

"Yakhe, magunia mangapi umepitisha? Na mie nitie kwenye hiyo magendo."