Wabunifu wa fulana na kofia

Jamani mie hili la kusaidia vijana wabunifu limeshanifika hapa. Kila mwaka hotuba, fulana, kofia, maji ya chupa, picha na mheshimiwa, alafu mtu akenda ofisini kuomba huo msaada wenyewe anaulizwa ana dhamana gani, na mahesabu ya biashara ya miaka mitatu, sasa yakhe kitu nimekibuni juzi hayo mahesabu nitayatoa wapi?

Sie huku Micheweni, Pemba, tumeunda kikaushio cha mwani, mbao, nailoni nyeupe na feni ya sola, basi. Mwani Zanzibar unalimwa kibiashara toka mwisho wa miaka ya 1980, wakulima wengi kina mama, na mpaka leo wengi wao wanautandaza juani tu, masika yakishuka mvua moja chumvi inatoka, mwani unapauka, mnunuzi anaukataa au anatoa bei ya kutupa. Hilo halitaki hata semina, linaonekana kwa macho.

Haya, barua ya sheha tukapata (huyu nampa haki yake, hakutusumbua), fomu tukajaza, kumbe lazima ipelekwe Unguja kwa mkono, nauli ya boti juu yako, na ukifika bwana mwenye muhuri yuko semina. Semina ya nini? Ya ubunifu! Na imeili wanayo, imeandikwa palepale juu ya fomu, ukituma kimya, ukipiga simu unaambiwa lete hadikopi.