Mark 23: Bastola iliyowashinda makomando, inayowavutia wakusanyaji

Heckler & Koch Mark 23 ina urefu wa milimita 245. Bila magazini ina uzito wa karibu kilo 1.1, wakati Glock 17, ambayo polisi wa nchi nyingi hushinda nayo kiunoni, ina gramu 630 hivi. Ukiijaza risasi zake 12 za .45 (yaani kipenyo cha karibu inchi 0.45) inaongezeka robo kilo nyingine. Ukiifunga na kiwambo cha kuzuia sauti, ile si bastola tena, ni bunduki fupi iliyokosa kitako. Na bado Marekani kuna watu wanaoiwazia kwa miaka, wanaweka akiba, na wanaitolea zaidi ya dola 2,000. Je, wana akili timamu?

Jibu langu ni kwamba wengi wanazo, ila wanajibu swali lisilo lenyewe. Wanauliza kama ni bastola nzuri. Ni nzuri, hilo halina ubishi. Swali ni utaifanyia nini, na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1985 jeshi la Marekani liliamua kuachana na bastola yake ya zamani, M1911 ya .45, na kuchukua Beretta M9 ya milimita 9. Kamandi ya Operesheni Maalumu haikuridhika, na mwaka 1991 ikazikabidhi Colt na Heckler & Koch kazi ya kubuni bastola ya namna nyingine kabisa. Kwa kawaida askari hushika bastola pale bunduki yake inapomwishia risasi au kukwama. Hii ilitakiwa iwe silaha ya kushambulia: komando aingie nayo mkononi, ikiwa na taa, miale ya kulengea na kiwambo cha sauti, na ammalize mlinzi bila kuamsha kambi nzima. Risasi ya .45 ilichaguliwa kwa sababu ya msingi. Ile ya kawaida huenda mita 260 hivi kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti, kwa hiyo haitoi ule mpasuko ambao kiwambo hakiwezi kuuzuia. Colt ilitolewa njiani. Heckler & Koch, Wajerumani wa mji wa Oberndorf, wakapata mkataba mwaka 1995, na bastola za kwanza zikakabidhiwa mwaka 1996.

Kila sharti lililowekwa kwenye karatasi lilitimizwa. Mtutu wa milimita 149, nguvu ya kuvumilia risasi za shinikizo la juu, kustahimili maji ya chumvi, matope na barafu, usahihi wa bastola ya mashindano. Kilichosahaulika ni kwamba mtu ana kiuno kimoja, na juu ya kiuno hicho tayari kuna redio, maji, dawa, magazini za bunduki na mabomu ya mkono. Makomando wengi waliipokea, wakaisifu, wakaiacha ghalani na kuendelea na SIG Sauer P226 zao. Kampuni yenyewe ilielewa somo. Ilitoa USP Tactical, ndogo na nyepesi zaidi, nayo pia inafungwa kiwambo. Baadaye ikaja HK45C, ambayo kwa wanamaji maalumu wa Marekani ikapewa jina la Mk 24.

Si mara ya kwanza jambo hili kutokea. Colt Walker ya mwaka 1847 ilikuwa na uzito wa kilo 2 hivi. Ilibebwa kwenye tandiko la farasi, maana mtu hakuweza kuivaa, na silinda zake zilikuwa na tabia ya kupasuka. Samuel Colt akaifuatisha na Dragoon, fupi na nyepesi kidogo. Walker zilitengenezwa 1,100 tu hivi, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.84. Bastola iliyokuwa kero kwa mpanda farasi ikawa hazina kwa mwenye kabati.

Hapo ndipo wapenzi wa Mark 23 wanapopata hoja yao ya kwanza: ukubwa uleule uliomchosha askari ndio unaoifanya itakiwe. Haina mfano. Hakuna jeshi litakaloagiza kitu kama hicho tena. Tena kuna kizazi kizima kilichoijua kwa mara ya kwanza kupitia mchezo wa video wa Kijapani wa mwishoni mwa miaka ya 1990, na watoto wa wakati ule leo wana mishahara. Usilidharau hilo. Bei ya kitu cha makumbusho hupandishwa na kumbukumbu za watu kuliko ubora wake.

Lakini kuichukulia kama akiba ya uzeeni ni kujidanganya. Walker ni chache na zina zaidi ya miaka 170. Mark 23 iliuzwa kwa raia kwa miaka mingi, na wanunuzi wengi waliifungia kabatini na sanduku lake, kwa hiyo zilizo safi hazikosekani. Sheria ya shirikisho ya Marekani huiingiza silaha kwenye kundi la vitu vya wakusanyaji inapofikisha miaka 50, na hata zile za mwaka 1996 zitafika huko mwaka 2046. Mpaka wakati huo utakuwa umelipia kasiki, bima na mafuta, na hela yako imekaa tu.

Hoja nyingine inawauma zaidi wakusanyaji halisi. Mark 23 ya dukani haijawahi kuvaliwa na komando. Ni ndugu wa ile ya jeshi, imetoka kiwanda kilekile, lakini haikwenda popote. Zile zilizouzwa kwa raia Marekani hadi mwaka 2004 zilikuja na magazini za risasi 10 badala ya 12, kwa sababu ya sheria ya wakati ule. Anayetaka chuma kilichopita mikononi mwa askari ana njia nyingine: tangu mwaka 2018 mpango wa kiraia wa kukuza shabaha, CMP, umekuwa ukiuza M1911 zilizotoka kwenye maghala ya jeshi. Hizo zina mikwaruzo, mipini iliyobadilishwa, slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi) ya kiwanda kimoja juu ya mwili wa kiwanda kingine. Ukiishika unajua kuna mtu aliyeishika kabla yako. Kwangu mimi, hiyo ina uzito kuliko sanduku la plastiki lisilo na alama.

Basi kwa nini mtu aichague Mark 23? Jibu liko kwenye uwanja wa shabaha, na hapa nakiri kwamba wapinzani huwa wanaupita upande huu haraka mno. Karibu na mdomo wa mtutu kuna pete nyeusi ya mpira, nyembamba kama ile ya bomba la maji, imekaa kwenye mfuo wake. Slaidi inapofunga, pete hiyo inaubana mtutu katikati, mahali palepale kila risasi. Ikichakaa unaitoa kwa kucha na kuweka nyingine, gharama yake ni ndogo. Ni ujanja rahisi usioutegemea kwenye silaha iliyogharimu kiasi kile, na unafanya kazi. Uzito nao, uliokuwa mzigo kiunoni, mkononi unageuka msaada. Risasi ya .45 kwenye bastola nyepesi hukurusha mkono. Kwenye hii inasukuma tu, polepole, na alama ya kulengea inarudi ilikokuwa.

Ila mkono lazima uwe mkubwa. Mpini wake ni mnene, na nyundo ikiwa imelala, kifyatulio kiko mbali na ni kizito. Mwenye vidole vifupi atajikuta anazungusha bastola kiganjani ili akifikie, na hapo usahihi wote uliolipiwa unapotea. Hilo halisomeki kwenye maelezo ya muuzaji, ni la kujaribu kwa mkono wako.

Kwa kujilinda, sioni hoja yoyote ya maana. Huwezi kuivaa ndani ya nguo. Reli yake ya taa ni ya aina yake peke yake, kwa hiyo taa za kisasa hazikai bila kipande cha kuunganishia. Mifuko ya kuibebea kiunoni ni michache na magazini zake ni ghali. Kiwambo, ambacho ndicho sababu ya bastola yenyewe kuwepo, kimekuwa nafuu zaidi: ushuru wa dola 200 uliowekwa Marekani mwaka 1934 uliondolewa kwa vifaa hivyo kuanzia Januari 1, 2026. Usajili, picha na alama za vidole vimebaki, na majimbo kama California na New York bado hayaruhusu raia kuwa nacho.

Na kuna jambo ambalo wakusanyaji hawapendi kulitaja wanapopiga hesabu. Bastola ya makumbusho ni bastola. Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya risasi ni watu waliojiua wenyewe, na silaha iliyo karibu ndiyo inayotumika. Kama nyumbani kuna kijana anayepita kipindi kibaya, au wewe mwenyewe hujatulia, thamani ya mnada haina nafasi kwenye mazungumzo hayo. Kasiki iliyofungwa sakafuni inaingia kwenye bei ya bastola toka siku ya kwanza. Ambaye hana hela ya kasiki hana hela ya bastola.

Kwa hiyo, ukinisikiliza mimi: anayetaka kupiga shabaha na kiwambo achukue USP Tactical, atapata sehemu kubwa ya raha ileile kwa uzito mdogo na bei ya chini. Anayetaka historia aende kwenye M1911. Anayebaki ni yule anayeitaka Mark 23 kwa kuwa ni Mark 23, mwenye kiganja cha kuitosha, uwanja wa shabaha jirani, na hela ambayo haitaulizwa na ada ya shule. Huyo anunue, na aitumie. Kuiweka bila kuipiga ni kulipia nusu ya kitu.

Akiikuta kwa mtu, asome herufi mbili zilizogongwa kwenye chuma. Kiwanda hicho huandika mwaka kwa herufi, A ikiwa sifuri na K ikiwa tisa, huku J ikirukwa: KG ni 1996, AF ni 2005. Pembeni kuna tai wa ukaguzi wa Kijerumani na pembe ya kulungu, alama ya ofisi ya ukaguzi ya mji wa Ulm. Namba iliyo kwenye bastola ifanane na ya karatasi iliyobandikwa sandukuni. Kama sanduku halipo, magazini si za asili, na muuzaji bado anataka bei ya iliyo kamili, amwachie.