Arobaini imepita, kwa hiyo mama anyamaze?

Nimekasirika, na naandika hivyo hivyo. Juzi huku Mikindani, mama mmoja ambaye mwanawe alichukuliwa na bahari aliangua kilio kwenye shughuli ya jirani. Akaibuka mjuzi: "Dada, mwaka wa pili huu! Arobaini tulisoma, hitima tulikula. Sasa unakufuru." Watu wakatikisa vichwa kukubali, wakaendelea na pilau.

Huyo mama hakanyagi ufukweni. Akienda sokoni anazunguka kwa juu. Shati la kijana liko msumarini mpaka leo, hataki lifuliwe. Huku ndiko kukufuru? Shirika la Afya Duniani limeuweka msiba wa namna hii kwenye mwongozo wake wa magonjwa ulioanza kutumika 2022: kumtamani au kumuwaza marehemu kusikoisha, uchungu mkali, maisha kukwama, kwa miezi isiyopungua 6 na kupita desturi ya watu wa mahali. Madaktari wa akili wa Marekani, kwenye mwongozo wao, kwa mtu mzima wanasubiri miezi 12. Arobaini sijaiona popote.

Haya, nakubali kwa shingo upande: matanga yetu yana kazi. Kulala mkekani pamoja, kupikiana, watani kumchokoza mfiwa mpaka acheke bila kupenda. Wengi huinuka hivyo, daktari wa nini? Wachache hukwama, na hao ndio tunaowasimanga.

Linaloniudhi kuliko yote ni "msimtaje marehemu mbele yake". Tiba ya msiba uliokwama ya daktari wa akili Katherine Shear na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, vikao 16 hivi, inafanya kinyume kabisa. Mfiwa anafumba macho, anasimulia kifo kilivyomfikia, anarudia tena na tena mpaka aweze kukibeba. Anarudi kidogo kidogo sehemu anazozikwepa. Anaongea na marehemu, kisha anajijibu kwa niaba yake. Anaulizwa pia yeye mwenyewe anataka nini maishani, swali ambalo sisi hatuna muda nalo. Vidonge? Kwenye utafiti wao wa 2016, citalopram, dawa ya sonona, ilipoongezwa kwenye tiba hiyo ilipunguza huo unyong'onyevu wa sonona. Msiba wenyewe haikuugusa kivile.

Nikauliza kituo kimoja cha afya: mfiwa kama huyu anapelekwa wapi? Kwa shehe, wakanijibu. Nikamfuata shehe. Akasema dua anasoma, na kila siku anajiuliza watu hawa awapeleke kituo gani.