Kura ya Tanzania kule Washington ni haki ya raia pia

Ukiibuka mjadala kuhusu mfumo wa kimataifa wenye haki hapa Dar es Salaam, iwe Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kijiweni Kariakoo, hakosi mtu wa kusema kuwa hayo ni maneno ya watawala wanaokwepa kuulizwa ya nyumbani. Wanadai usawa Umoja wa Mataifa kule New York, huku raia wao hawana pa kushtakia.

Hoja hiyo ina uzito, na mfano wake tunao. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha. Mwaka 2013 iliamua, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kuzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi za kiraia kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Nchi mwenyeji ikawazuia wananchi wake! Silitetei hilo hata kidogo.

Ila wanaoishia hapo wanaacha jambo linalomgusa mgonjwa wa Temeke kuliko wanavyodhani.

Agosti 2021, Uviko ikiwa imezikausha hazina za nchi nyingi, Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lenye makao yake Washington, liligawia wanachama wake akiba mpya yenye thamani ya dola bilioni 650. Mgawo haukuangalia nani kaumia wala nani ana watu wengi. Uliangalia hisa, yaani fungu la mtaji la kila nchi katika shirika, ambalo pia ndilo hupima kura zake. Afrika nzima, nchi 54 zenye watu zaidi ya bilioni 1.3, iliambulia kama dola bilioni 33. Ujerumani peke yake, yenye watu wapatao milioni 83, ilipata kama bilioni 36. Marekani ilipata zaidi ya bilioni 110. Yaani nchi moja ya Ulaya, ambayo haikuwa na shida ya kununua chanjo, ilipewa kuliko bara zima lililokuwa likizisubiri. Na hakuna kanuni iliyovunjwa. Kanuni yenyewe ndiyo iliyogawa hivyo. Baadaye nchi tajiri ziliahidi kuelekeza dola bilioni 100 kwa wenye uhitaji, sehemu kubwa ikiwa mikopo. Akiba ambayo ingetufikia bila masharti ikageuka deni.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Akizungumza na mabalozi mwanzoni mwa 1980, alihoji ni lini IMF iligeuzwa kuwa wizara ya fedha ya dunia. Alishindwa. Mwaka 1986, Mwalimu akiwa ameshang'atuka, nchi ilitia saini makubaliano na shirika hilo, na katika miaka iliyofuata uchangiaji gharama ukaingia hospitalini na ada zikarudi shuleni. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 2001. Mtoto aliyekosa darasa katika kipindi hicho alinyimwa haki ya binadamu, na sehemu ya uamuzi ilifanyika mahali ambapo mzazi wake hakuwa na mtu wa kumnyima kura.

Ndiyo maana sikubali kwamba tusafishe kwanza nyumbani ndipo tudai usawa nje. La Arusha liko mikononi mwetu: serikali inaweza kulirejesha tamko lile bila kuomba ridhaa ya taifa lolote, na tuibane ifanye hivyo. La Washington ni tofauti. Maamuzi makubwa ya IMF huhitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani ina zaidi ya 16, kwa hiyo inatosha kuyazuia ikiwa peke yake. Mwaka 2024 Afrika Kusini mwa Sahara iliongezewa kiti cha tatu katika bodi ya wakurugenzi watendaji, hatua njema. Lakini mapitio ya hisa ya Desemba 2023 yaliidhinisha kila mwanachama aongezewe kwa kiwango kilekile cha asilimia 50, kwa hiyo uwiano wa kura unabaki ulivyokuwa, na akiba ikigawiwa tena kesho itafuata mlolongo uleule.