Meli ya Mjerumani ilizama, mimi nikanasa

Ile video ya mimi kunasa topeni aliyorusha Shemeji kwenye grupu imekatwa mwanzo na mwisho, kwa hiyo tulieni niwape habari kamili. Halafu sikulia. Yale ni matope.

Delta ya Rufiji, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Yakipwa hayo, vijito vya mikokoni vinabaki tope tupu. Mzee mwenye mtumbwi akaegesha, akasema tusubiri maji yajae. Mimi historia ilishanipanda kichwani, nawahutubia wageni kutoka Dar: manowari ya Mjerumani, Königsberg, ikajificha humu 1914, Mwingereza akaleta Severn na Mersey, meli bapa zilizoundwa kwa ajili ya mito ya Brazili, ndiyo maana zikapita kwenye maji haba, wakaimaliza 11 Julai 1915. Nikashuka na gambuti zangu mpya niwaonyeshe upande zilikotokea.

Mguu wa kulia ukazama hadi kifundoni. Nikauvuta, wa kushoto ukaenda gotini. Nikavuta wa kushoto, wa kulia ukafika pajani. (Msiojua: tope la mikoko ni uji mzito. Ukivuta mguu wima, hakuna maji wala hewa ya kujaza nafasi chini ya unyayo, basi linakunyonya. Gambuti ndiyo balaa zaidi, maana hujaa tope.)

Mzee hata hakuinuka.

"Mwanangu, acha kuvuta. Kaa."

"Nikae wapi, mzee?"

"Hapo hapo. Kalia tope."

Nikalikalia. Likaingia mahali nisipopataja, humu mna wakwe. Akanisukumia upondo niulaze ubavuni, niuegemee, nichezeshe kisigino polepole maji yapenye, kisha nichomoe mguu na buti niliache. Wa kwanza ukatoka. Wa pili ukatoka kwa mlio ambao wageni mpaka leo wanaamini ni mimi. Suruali ikachagua kubaki na gambuti.

Ndipo wakapita akina mama wawili na matenga ya kaa, peku, hatua fupi za haraka, wanakanyaga mizizi ya mikoko tu. Mmoja akasema, "Pole, kaka." Mwenzake alishindwa kusema, alishikilia mti.

Maji yakajaa, nikaoga, nikaazimwa kanga, tukarudi. Wanaouliza ziara nyingine: mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, juu ya sakafu kavu. Nauli kila mtu na yake.