Wali Uwe Kitoweo

Kilo moja ya unga wa ngano, kikombe cha sukari, tui la nazi moja, hamira, na iliki ya kutwanga. Hapo unatoa mahamri 40, ukiwa na mkono mwepesi. Nimekanda unga huo kila alfajiri kwa miaka 19 hapa kwetu Langoni, Lamu, nikauzia mabaharia, mafundi, watoto wa chuoni na wageni wasiojua hata kulitamka jina lake. Sikuwahi kujiuliza ndani yake mna nini mpaka nilipoambiwa nina sukari.

Siku hiyo nilitoka kliniki na paketi mbili za dawa na maneno manne: "Mama, usile vya sukari." Nikatii, Mungu shahidi. Chai nikaifanya ya mkandaa, bila hata punje. Halua nikaipa mgongo. Kashata nilizokuwa nikiwapikia wajukuu nikawa nawapa huku nimetazama pembeni. Asubuhi nikala mahamri yangu manne na mbaazi za nazi, mchana sahani ya wali, usiku chapati mbili na mchuzi. Nilipima ile damu inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ikasoma asilimia 10.2. Muuguzi akaniangalia kama mtoto aliyekamatwa na peremende chini ya ulimi.

Sikuwa nimeficha kitu. Niliacha sukari kama nilivyoambiwa. Habari ya wanga hakunipa mtu.

Na neno lenyewe lina mkosi. Kwetu wanga ni wale wanaotembea usiku, na wanga ni hicho kilichomo kwenye wali, sima, chapati, muhogo na viazi. Binti yangu anasomea uuguzi, na siku moja alimwambia mama yangu mkubwa, "Bibi, punguza wanga." Bibi akamjibu kwamba yeye hana urafiki nao, na milango yake huifunga kabla ya Isha.

Tulicheka sana. Lakini nikiwaza, mimi nilikuwa kama bibi tu. Nilikuwa nikilisikia neno na kudhani halinihusu.

Binti ndiye aliyenikalisha chini na kalamu. Kilo ya unga wa ngano ina wanga wa gramu 750 hivi, akaandika. Kikombe cha sukari, gramu 200. Jumla 950, gawa kwa mahamri 40, kila hamri gramu 24 kasoro kidogo. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Kwa hiyo hamri moja ni vijiko sita, manne ni vijiko karibu 24, kwa sababu wanga ukishasagwa tumboni huingia kwenye damu ukiwa sukari ileile. Nilikuwa nimevikataa vijiko viwili vya chai, halafu nikavimeza 24 kwa mlango wa nyuma.

Wali nao? Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi. Sahani ya mtu mzima hapa Lamu haipungui vikombe vitatu, na hiyo ni kabla mwenye nyumba hajakwambia "ongeza, mbona hukula". Wataalamu wengi wakizungumzia ulaji wa wanga mdogo huwa wanamaanisha chini ya gramu 130 kwa siku nzima. Mimi nilikuwa nikizipita kwa sahani moja ya mchana.

Kuna jambo ambalo limekuwa likinikera. Kliniki nyingine niliyokwenda walinipa karatasi ya chakula bora kwa mwenye kisukari. Brokoli. Tufaha la kijani. Kifua cha kuku bila ngozi. Mkate wa nafaka nzima. Nikaisoma mara mbili nikitafuta jina la kitu kinachouzwa sokoni kwetu, nikaambulia limau. Mtu akipewa karatasi kama hiyo hukata shauri palepale: hiki ni chakula cha wenye fedha wa Nairobi, acha nife na wali wangu. Simlaumu. Namlaumu aliyeiandika.

Maana kisiwa hiki hakina shida ya chakula kisicho na wanga. Changu hana wanga. Tafi, kolekole, nguru, jodari, hakuna hata mmoja mwenye wanga. Pweza na ngisi wana kidogo kisichofaa kuhesabiwa. Mayai vilevile. Mchicha, mnavu, kisamvu, bamia, biringani, kabichi, tango, nyanya, vyote ni vyepesi. Tui la nazi lina mafuta mengi lakini wanga wake ni haba (mwenye matatizo ya mafuta kwenye damu alizungumze na daktari wake, mimi nasema habari ya sukari tu). Samaki wa kupaka, yule wa makaa, aliyepakwa tui zito lililochemka na ukwaju, pilipili na kitunguu saumu mpaka likashika rangi, ni chakula cha mgonjwa wa kisukari. Hakuna karatasi ya kliniki iliyowahi kuniambia hivyo.

Kasoro yetu iko kwenye neno moja: kitoweo.

Angalia tunavyosema. Tunakula wali, na samaki ni kitoweo. Tunakula sima, na mchicha ni kitoweo. Kitoweo ni kile cha kuusindikiza wali ushuke, kipande cha kumega huku na huku, na mtoto akila samaki mwingi kuliko wali anaambiwa ana uroho. Tumelelewa hivyo kwa sababu ya uhaba, na haikuwa kosa: wali ulishibisha watu wanane, samaki alikuwa mmoja. Ila mwili wangu sasa haujui historia hiyo. Unahesabu gramu.

Basi nilichofanya ni kugeuza. Samaki, mayai, kunde na mboga ndicho chakula, wali ndio kitoweo. Nina kisosi cha kikombe cha kahawa, kile kidogo kabisa, na wali wangu wa mchana unaingia humo. Ukijaa bila kufanya kilima ni robo ya nilichokuwa nakula. Wali ni uleule wa nazi, haujabadilika ladha. Nautafuna polepole pamoja na samaki, kama nilivyokuwa nikimfanyia samaki zamani.

Asubuhi ndiyo ilikuwa vita, kwa sababu huwezi kusimama mbele ya karai la mahamri tangu saa kumi na nusu halafu usionje. Nilijaribu kujizuia kabisa nikashindwa siku ya nne. Nilikula matano nimesimama, kama mwizi. Sasa nakula nusu hamri, mayai mawili, na bakuli dogo la mbaazi. Mbaazi zina wanga, tusidanganyane, lakini zina nyuzinyuzi na protini, na sukari hupanda taratibu. Kwa mahamri manne mashine ya kupimia sukari ilikuwa ikinipa 14 na zaidi (milimoli kwa lita ya damu) saa mbili baada ya kula. Kwa nusu hamri na mayai hunipa 8, pengine 7 na kitu. Vijikaratasi vya kupimia ni ghali na sipimi kila siku, lakini nawashauri wenzangu wapime angalau mara chache baada ya kula, si asubuhi tu kabla ya chai. Kipimo cha asubuhi hakikwambii hamri limefanya nini.

Sasa nitasema lililonipata, maana wengi wanaosifia ulaji huu hulipita kimya.

Dawa zangu zilikuwa metformini na glibenklamidi. Hii ya pili huisukuma kongosho itoe insulini, uwe umekula au hukula. Mimi nikapunguza wanga kwa ghafla bila kumwambia daktari, nikaendelea kumeza vidonge vilevile. Juma la pili, nikitembea ufuoni kutoka Langoni kuelekea Mkomani, magoti yakalegea. Jasho baridi, mikono inatetemeka, na hasira isiyo na sababu, nikamfokea mwenye punda aliyeniomba njia kwa adabu kabisa. Nilidhani ni jua. Bahati binti alikuwa nami na mashine mkobani: 3.2. Chini ya 4 ni hatari. Akakimbia dukani akaniletea soda, si ile isiyo na sukari, akaninywesha nusu chupa, tukakaa barazani kwa watu tusiowajua robo saa nzima, akapima tena. Wenye nyumba wakatuletea na maji na maneno ya kheri.

Daktari alipunguza ile dawa, baadaye akaiondoa. Metformini bado nameza. Kwa hiyo mwenye kumeza dawa za aina ile, na zaidi anayejidunga insulini, asiguse sahani yake kabla hajazungumza na anayemtibu. Mwenye mimba au ugonjwa wa figo vilevile. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza, insulini yake haina badala, hata ale samaki peke yake mwaka mzima.

Watu huniambia haya ni mambo mapya ya kwenye simu. Si mapya. Paris ilipozingirwa na jeshi la Prussia, 1870 hadi 1871, mkate uliadimika, na Apollinaire Bouchardat, aliyekuwa akitibu wenye kisukari, akaona sukari kwenye mkojo wa wagonjwa wake inapungua. Insulini ilikuwa bado nusu karne mbele. Iligunduliwa Toronto mwaka 1921. Kabla yake, sahani ndiyo ilikuwa dawa, na haikutosha, wengi walikufa. Mimi ninazo zote mbili, sahani na vidonge.

Yako mengine ninayoyasikia barazani na nimechoka kuyajibu. Asali ni sukari. Sukari guru ni sukari, rangi yake isikuzuge. Sima ya unga wa kusagisha ina nyuzinyuzi zaidi, vizuri, lakini mlima wake ni mlima. Maji ya dafu si maji. Tende za kufuturu ni sunna nami sizikatai. Tatu ndogo ni gramu 15 au zaidi kidogo, naziweka kwenye hesabu, halafu siongezi tambi, kaimati, muhogo wa nazi na ndizi mbivu juu yake kana kwamba mchana sikufunga bali nilikuwa nafukuzwa. Kuhusu kufunga kwenyewe, kila mwaka naenda kwa daktari kabla ya mwezi kuandama, na sukari ikishuka chini ya 4 nafungua, hata kama limebaki nusu saa. Hilo nililiuliza na kwa wenye elimu ya dini.

Na harusi? Sinia la biriani, watu wanne au watano, kila mtu na upande wake. Adabu inasema usivuke mpaka kuifuata nyama, na biriani ya kwetu nyama imelala katikati. Siku za mwanzo nilikuwa nikikaa nikichezea kachumbari kama bi harusi mwenyewe. Sasa namwambia mapema niliyekaa naye, "Dada, mimi wali siuwezi, chukua upande wangu, unisogezee nyama." Hajatokea aliyekataa. Mmoja aliniambia na yeye anayo, miaka sita sasa, wanawe hawajui. Tukala nyama tukiwa tumeinamiana kama wenye siri ya mali.

Nisijifanye kila kitu ni rahisi. Miezi ya kusi bahari ikichafuka, madau yanabaki ufuoni na samaki akionekana bei yake inauma, na wali uko palepale kwenye gunia. Hapo ndipo ninapoteleza. Naziba pengo kwa mayai, kunde, dagaa wakavu na mboga nyingi, na zipo siku kisosi changu kinakuwa sahani. Kipimo changu cha mwisho cha miezi mitatu kilikuwa asilimia 7.1. Daktari alikitaka chini ya 7. Akatabasamu hata hivyo.

Watu huniuliza kama sioni haya kuendelea kuuza mahamri. Swali zuri, sina jibu lililokamilika. Wanangu wamesoma kwa karai lile. Nilichofanya ni kuweka mayai ya kuchemsha na mbaazi za bakuli pembeni, na anayeniambia ana sukari namuuzia hamri moja tu. Ya pili anakwenda kununua kwa jirani, najua, namwona.

Ijumaa iliyopita wifi yangu alitoka Shela akaja kula kwetu. Nikamwekea changu mzima wa kupaka, mchicha wa nazi, bamia, kachumbari, na kisosi chake cha wali. Akakitazama kile kisosi, akanitazama, akauliza wali umebaki jikoni?

"Huo ndio wali, wifi. Wa kutowelea."

Akala samaki mpaka mifupa ikang'aa. Kisha akaingia jikoni mwenyewe na sahani.