Daktari wa kweli kanyamazishwa, wa gesti ndo anaongea

Mwezi wa sita nilimsindikiza shangazi yangu kliniki ya kisukari hapa Tabora mjini, kumbe dawa kaziacha wiki tatu. Kasikia tangazo redioni, "dokta" kaja kutoka Dar, yupo gesti siku tano tu, anapima mwili mzima kwa kompyuta. Akaenda na hela ya tumbaku aliyotoka kulipwa kule Sikonge (na hawa watu wanajua sana msimu wa malipo). Kashikishwa kichuma mkononi kama dakika moja hivi, mashine ikatema karatasi eti ini limechoka, figo zina sumu, mishipa imeziba, akauziwa chupa tatu laki na nusu na kuambiwa vidonge vya hospitali aache maana vinagombana na dawa yake. Hata tone la damu hakutolewa! Sasa sukari unaipimaje bila damu jamani? Kliniki sukari ilisoma 24, juu sana.

Sheria zipo, ya tiba asili ni ya 2002, ya wanataaluma wa afya ya 2017, matangazo ya dawa yako chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ila anayebanwa kweli ni daktari aliyesajiliwa Baraza la Madaktari Tanganyika, maana yeye ana leseni ya kupoteza, maadili yanamkataza kujinadi basi anakaa kimya, mpaka jirani yangu kapanda basi kwenda Mwanza kutolewa mtoto wa jicho na huduma hiyo ipo hapahapa mjini, hakuna aliyemwambia.

Mi naona daktari aruhusiwe kutangaza jina, namba ya usajili, anatibu nini, siku gani na bei. Basi. Habari za "nimepona asilimia mia" na shuhuda za wagonjwa zikatazwe kwa wote, mwenye koti jeupe na mwenye mizizi.

Na redio nazo ziwajibike. Leseni wanapewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, basi tangazo la tiba lisiruke hewani kabla hawajahakiki usajili wa mtu, wakirusha bila kuhakiki wapigwe faini pamoja naye. Maana shangazi alikuwa hamjui kabisa yule wa gesti. Aliyemwamini ni mtangazaji aliyemsomea lile tangazo, ambaye anamsikiliza kila asubuhi akichemsha chai.